Fundi wa Redio ya Ubongo

Mjini Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema nchini Kongo, neno "radio" linalisha nyumba mbili. Kuna radio inayosema, ile ya habari za jioni na matangazo ya misiba, na kuna radio ya hospitali, ile anayotumwa mtu aliyeanguka na pikipiki ili mfupa wake uonekane. "Wamemupiga radio?" watu wa komini ya Mikelenge huulizana wakisikia jirani kavunjika mguu, na hakuna anayedhani kwamba mgonjwa amerushiwa redio kichwani. Neno lilikuja na Kifaransa, likazoea, likabaki.

Kichekesho ni kwamba ile radio ya hospitali si redio hata kidogo. Ni eksirei, miali inayopenya nyama na kukwama kwenye mfupa. Mashine ya hospitali ambayo kweli ni redio, yenye antena na masafa, yenye kukoroma kama redio ya mzee inapotafuta stesheni, ni nyingine kabisa. Waliosoma kwa Kifaransa huiita IRM. Wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam huiita MRI. Kwa mtu wa Mikelenge jina hilo, kwa herufi zozote, ni jina la safari: anayeambiwa akapigwe picha hiyo huanza kuhesabu nauli ya ndege kabla ya kuuliza bei ya picha.

Nyuma ya mashine hiyo yupo mtu ambaye mgonjwa hamwoni. Haandiki dawa, hashiki sindano, na mara nyingi hata koti jeupe havai. Ni mwanafizikia. Ukimtafutia ndugu katika mitaa ya Kindu, usiende hospitali. Nenda pembeni mwa barabara, kwenye meza ya fundi wa redio.

Fundi huyo kila mtu anamjua. Mwavuli, betri ya pikipiki, chuma cha kulehemu, kopo la skrubu zisizofanana. Ukimletea redio inayokoroma hakurupuki kuifungua. Kwanza anaizungusha taratibu mkononi na kusikiliza, maana antena ya ndani ina upande inaoupenda na upande unaoinyamazisha. Akishaitoa spika anaiweka mbali na lile kopo, kwa sababu sumaku ya nyuma ya spika itazinyakua skrubu zote na kazi ya kuzibandua ni ya nusu saa. Kisha anayeyusha waya wa kulehemu, moshi mdogo unapanda, na waya wenyewe kwa sehemu kubwa ni bati: madini ambayo Maniema inayafahamu vizuri, kwa kuwa Kalima, mashariki ya Kindu, imechimba mawe ya bati tangu enzi za Wabelgiji.

Sumaku, antena, koili, mkoromo, bati. Vitu hivyo hivyo vimo ndani ya mashine ya MRI. Tofauti ni kwamba stesheni inayotafutwa imo ndani ya kichwa cha mtu.

Inakuwaje kichwa kirushe matangazo? Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yana haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja, nayo hutenda kama sumaku ndogo inayozunguka. Mtu akiwa nyumbani kwake, protoni zake zimetazama ovyo, kila moja na njia yake, kama watu siku ya soko. Mtu huyo akiingizwa kwenye sumaku kubwa, zinajipanga; lakini zisidhaniwe kuwa ni zote. Zinazozidi upande mmoja ni chache tu katika kila milioni, na hizo chache ndizo zinazobeba kazi nzima. Mashine inazirushia wimbi la redio, zinayumba, wimbi linakatwa, na zinapojipanga tena zinarudisha mlio hafifu. Antena iliyovikwa kichwani kama kofia ya chuma inaupokea.

Masafa ya mlio huo yana hesabu moja, na kila mwanafizikia wa MRI anaijua kama namba yake ya simu: megahezi 42.58 kwa kila tesla moja ya sumaku. Mashine ya kawaida ya hospitali kubwa ina tesla 1.5, zaidi ya mara 40,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoelekeza dira pale Kindu. Mashine hiyo inazungumza kwenye megahezi 64 hivi. Ile ya tesla 3, inayopendwa na watafiti wa ubongo, iko karibu na 128. Stesheni za FM karibu kote duniani zimebanana kati ya 88 na 108, katikati ya mashine hizo mbili. Ndiyo maana chumba cha MRI hufunikwa kwa shaba, kuta, dari na sakafu, na mlango wake hufungwa kama wa jokofu. Bila hivyo, wimbi kutoka nje litaacha mstari kwenye picha ya ubongo wa mgonjwa.

Kusikia mlio peke yake hakutoshi. Lazima ijulikane umetoka wapi. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, mkemia wa Marekani, alichapisha jibu lililoonekana rahisi baada ya mtu mwingine kulisema: ifanye sumaku iwe na nguvu kidogo zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na protoni za paji la uso zitaimba kwa sauti ya juu kidogo kuliko za kisogo. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akatafuta namna ya kuharakisha upigaji. Wawili hao walipewa Nobel ya tiba mwaka 2003, na wala hakuna aliyekuwa daktari.

Koili zinazobadilisha nguvu hiyo huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa sekunde. Zikiwa ndani ya sumaku kubwa, umeme unazitikisa, nazo zinapiga kelele: gogogogo, kisha mlio mwembamba, kisha gogogogo tena. Wagonjwa hudhani mashine imeharibika. Kumbe ni kanuni ile ile ya spika ya redio, koili inayosukumwa na sumaku, isipokuwa spika hii ina ukubwa wa pipa na mgonjwa amelala ndani yake na vizibo masikioni.

Sasa, mwanafizikia mwenyewe anafanya nini kutwa? Sehemu kubwa ya kazi yake haina fahari. Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mara nyingi anapiga picha ya chupa. Ni chombo cha plastiki kilichojazwa maji yenye chumvi, kinawekwa mahali pa kichwa, na picha yake inapimwa: duara limebaki duara? Mkoromo umeongezeka tangu juma lililopita? Chupa haiongopi, haina ugonjwa na haitingishiki. Picha yake ikija na doa, doa ni la mashine. Mwanafizikia asiyepiga chupa ataanza siku moja kutafuta uvimbe kwenye vichwa vya watu wenye afya.

Kazi ya pili ni kutunga mpangilio wa mipigo: wimbi lirushwe lini, koili iwashwe kwa muda gani, antena isikilize baada ya milisekunde ngapi. Hapo ndipo ufundi ulipo. Maji yaliyotulia kwenye mashimo ya ubongo hupoteza mlio wake polepole; mafuta yanayozunguka nyuzi za neva huupoteza haraka. Akisubiri muda mrefu zaidi, maji yanang'aa na mengine yanafifia. Akibadilisha kusubiri, kinyume chake. Kichwa ni kile kile, sumaku ni ile ile, na picha ni mbili tofauti, kwa sababu tu mtu alijua wakati wa kusikiliza.

Ya tatu ni usalama, na hapo hapana mzaha. Sumaku kubwa haizimwi usiku; iko kazini hata umeme wa mji ukikatika. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa oksijeni wa chuma uliingizwa chumbani wakati mtoto wa miaka 6 akiwa ndani ya mashine. Sumaku iliuvuta, ukampiga kichwani, na mtoto akafariki. Tangu hapo wanafizikia wa MRI duniani kote ni watu wa kukagua mifuko: funguo, sarafu, pini za nywele, kisu cha kukatia bandeji.

Na ya nne ni kuwazuia wenzao wasijidanganye. Hapa kuna kisa ambacho mvuvi yeyote wa mto Lualaba angekifurahia.

Mwaka 1990 Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa hazilii sawa ndani ya sumaku. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu mpya, kwa hiyo mlio wake hubadilika kidogo, asilimia chache tu. Kuanzia hapo watafiti wakaanza kumlaza mtu, kumwonyesha picha, na kutazama ni wapi panawaka. Magazeti yakafurahi: hapa ndipo mapenzi yanapokaa, hapa ndipo hofu. Mwaka 2009 kundi la Craig Bennett huko Marekani likanunua samaki sokoni, samoni mzima, likamlaza kwenye mashine. Samaki alikuwa amekufa. Wakamwonyesha picha za watu wakiwa katika hali mbalimbali, wakamwomba, kwa utaratibu ule ule unaotumika kwa binadamu, afikirie wale watu wana hisia gani. Kompyuta ikapiga hesabu zake. Ndani ya ubongo wa marehemu pakawaka madoa mekundu.

Samaki hakuwa amefufuka. Picha ya ubongo hugawanywa vijisanduku maelfu kwa maelfu, na ukikiuliza kila kimoja swali lile lile, vichache vitaitikia kwa bahati nasibu. Hesabu ikirekebishwa kwa kuzingatia wingi wa maswali, madoa yanapotea, na samaki anabaki kitoweo. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel, tuzo ya mzaha wenye akili. Watu walicheka, kisha wengi wakarudi kimya kimya kuzipiga upya hesabu zao wenyewe.

Yote haya yangekuwa habari za ng'ambo kama si malaria.

Hakuna nyumba Maniema isiyojua malaria, na mama yeyote wa Mikelenge anajua namna ile mbaya, inayopanda kichwani: mtoto anatetemeka, anapoteza fahamu, macho yanageuka. Kwa miaka mingi madaktari walijua kwamba malaria ya ubongo inaua, lakini hawakujua hasa inauaje. Blantyre, Malawi, daktari Terrie Taylor wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na wenzake wa Malawi waliwafuatilia watoto wa aina hiyo mwaka baada ya mwaka katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth. Mwaka 2008 hospitali hiyo ilipata mashine ya MRI iliyotolewa na kampuni ya General Electric. Haikuwa mashine ya kujivunia mbele ya Wazungu. Ilikuwa ya tesla 0.35, yenye mlio wa karibu megahezi 15, jirani na zile bendi za masafa mafupi ambazo wazee walizitafutia idhaa za ng'ambo usiku.

Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika jarida la tiba la New England. Watoto waliochunguzwa walikuwa 168. Waliofariki ni 25, na kati yao 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana tangu siku ya kuingia hospitali. Walionusurika walikuwa 143, na wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39 tu. Kichwa cha mtoto hakina nafasi ya ziada. Ubongo ukivimba unasukumwa chini, unabana shina linaloendesha pumzi, na mtoto anaacha kupumua. Na jambo lililowashtua zaidi: wale waliokuwa na uvimbe na wakapona, picha za siku zilizofuata zilionyesha ubongo ukirudi kwenye ukubwa wake. Kwa hiyo swali likageuka. Badala ya kuuliza dawa gani mpya ya kuua vimelea, watu wakaanza kuuliza mtoto asaidiwe vipi kupumua hadi uvimbe upungue.

Swali hilo limetoka kwenye mashine dhaifu, mahali ambapo wagonjwa walikuwepo. Mashine za tesla 3 zilijaa Ulaya na Marekani wakati huo huo, lakini watoto wenye malaria ya ubongo hawapatikani huko. Mwanafizikia anayepima ubora wa picha kwa wembamba wa mistari yake peke yake amesahau kupima jambo moja: ni nani aliyelala ndani.

Kwa nini basi mashine hizi hazijafika kila jimbo? Bei ni sehemu ya jibu, kwa maana mashine kubwa hugharimu dola milioni moja na zaidi. Lakini hata ikitolewa bure ina njaa yake. Sumaku ya tesla 1.5 ni koili iliyolowekwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, kwa kawaida zaidi ya lita elfu moja. Heliamu haipatikani dukani. Pampu ya kuipoza hutaka umeme usiku na mchana. Umeme ukikatika siku nyingi, heliamu inachemka na kutoroka angani, sumaku inakufa, na kilichobaki ni pipa la chuma la tani kadhaa katikati ya hospitali. Sasa fikiria Kindu: mji unaolishwa na mto, na reli ya kutoka kusini, na ndege, mji ambao jenereta ni mwanafamilia. Watafiti waliozihesabu mashine za Afrika Magharibi walichapisha mwaka 2018 kwamba nchi 16 zilikuwa na mashine 84 kwa watu zaidi ya milioni 350, na nyingi zilikuwa Nigeria. Ukitazama ramani ya Kongo kwa jicho hilo hilo, huhitaji kuambiwa Maniema iko wapi kwenye foleni.

Jibu la kuvutia zaidi limetoka upande wa Uganda, katika mji wa Mbarara.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina mhandisi wa tiba anayeitwa Johnes Obungoloch. Alisomea udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, na swali lake lilikuwa la nyumbani: watoto wenye vichwa vikubwa, wale ambao maji ya ubongo yamekosa njia ya kutoka. Inakadiriwa kuwa Afrika kusini mwa Sahara hupata zaidi ya watoto 100,000 wa namna hiyo kila mwaka, wengi wao baada ya maambukizi ya utotoni. Mbale, mashariki ya Uganda, hospitali ya watoto ya CURE imejulikana duniani kwa kuwatibu. Hapo ndipo daktari Benjamin Warf alipoendeleza upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo bila kumtegemeza mtoto kwenye mrija maisha yake yote. Daktari wa upasuaji huo anataka kujua maji yako wapi na ni mengi kiasi gani. Hahitaji kuona unywele. Maji ni mengi, yanang'aa, na hata mashine dhaifu inayaona. Na tofauti na eksirei za kompyuta, mashine hii haimchomi mtoto kwa miali, hata akirudi mara kumi.

Obungoloch na wenzake wa Leiden na Delft, Uholanzi, pamoja na Pennsylvania, wakaamua kuachana na heliamu. Sumaku yao imeundwa kwa vijitofali vya neodimiamu, karibu 3,000, kila kimoja kikubwa kama dadu, vimepangwa katika pete 23. Mpangilio huo una jina la Klaus Halbach, mwanafizikia aliyeueleza mwaka 1980: vijitofali huelekezwa kila kimoja upande wake hadi nguvu yote inakusanyika ndani ya pete na nje inabaki kidogo. Hauhitaji umeme wala baridi. Nguvu yake ni tesla 0.05, sehemu moja ya thelathini ya mashine ya kawaida ya hospitali.

Vifaa vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi vikiwa vipande vipande, pamoja na bisibisi na nyundo zake. Walimu walikuwa wanne. Wanafunzi sita, hakuna aliyewahi kuunda kitu hicho. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kuchosha kuliko zote: kupima kijitofali kimoja kimoja, maana kiwanda kimoja hutoa vyenye nguvu na vyenye unyonge, na ukivichanganya ovyo picha itapinda. Kuvishika kwenyewe ni kazi, kwa sababu viwili vikikutana ghafla hubana kidole katikati. Kisha kuvipanga ndani ya pete, kurekebisha nafasi kati ya pete na pete, kuzungusha koili, kuunda toroli la alumini, kuunganisha kompyuta. Tangu masanduku yafunguliwe hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2023.

Siku 11 ni muda ambao katika ofisi nyingi barua haijatoka meza ya kwanza.

Kuna njia nyingine, ya kununua tayari. Kampuni ya Hyperfine ya Marekani iliruhusiwa mwaka 2020 kuuza mashine yenye magurudumu, tesla 0.064, inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida na kusukumwa hadi kitandani pa mgonjwa. Kwa fedha za wafadhili, mashine za aina hiyo zimefika Malawi, Zambia na Afrika Kusini kwa utafiti wa ubongo wa watoto wachanga, na Blantyre imo. Zinafaa. Ila ikiharibika, inasubiri mtu wa kiwandani. Ile ya Mbarara ikiharibika, walioiunda wanajua skrubu iliyolegea. Kwa mji kama Kindu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya ubora wa picha.

Mashine ya tesla 0.05 ikiletwa Mikelenge kesho, mwanafizikia wake atakuwa na kazi gani? Mlio wake ni megahezi 2.1, juu kidogo ya mahali masafa ya kati ya redio yanapoishia. Kila mwenye redio ya zamani anajua kinachotokea huko pikipiki ikipita: krrrrr, cheche za plagi zinaingia kwenye matangazo. Jenereta ya jirani nayo inaongeza yake, na chaja rahisi ya simu, na taa za bei nafuu. Ubongo wa mtoto utakuwa unanong'ona katikati ya msongamano huo wote. Dawa zipo: kumfunika mgonjwa kwa kitambaa kinachopitisha umeme, kuweka antena ya pili inayosikiliza makelele peke yake ili kompyuta iyatoe, kuupiga mlio ule ule mara nyingi na kuchukua wastani. Joto nalo lina neno, kwa kuwa sumaku za neodimiamu hulegea kadiri chumba kinavyopata moto, na stesheni inahama. Saa nane mchana haitakuwa mahali ilipokuwa saa moja asubuhi. Fundi lazima aitafute tena.

Isidhaniwe pia kwamba mashine inaona kila kitu. Kongo ina ushahidi wake. Konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafla kwa watu wanaoishi kwa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ulielezwa na daktari Trolli huko Kwango mwaka 1938, na jina lenyewe la Kiyaka linasema juu ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1993 watafiti walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wawili kutoka Zaire walioathirika vibaya. Picha zao za MRI, za ubongo na za uti wa mgongo, zilitoka safi. Vipimo vingine vilionyesha kwamba amri ya kutembea haikuwa ikishuka kutoka ubongoni. Nyumba ilionekana nzima na waya ndani yake zilikuwa zimekatika. Daktari Mkongo Désiré Tshala-Katumbay na wenzake wametumia miaka mingi kuufuata ugonjwa huo kwa njia nyingine, hasa kwa kuwapima watoto wa eneo la Kahemba wanavyofikiri na wanavyotumia mikono. Mwanafizikia mwaminifu husema mapema: hapa picha yangu haitoshi, tafuteni kipimo kingine.

Wakongo wana kumbukumbu moja zaidi inayostahili kutajwa. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, liliwashwa tanuri la nyuklia la utafiti lililoitwa TRICO, la kwanza katika Afrika. Mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na pia mwanafizikia. Lililofuata, TRICO ya pili, lilianza mwaka 1972 na limezimwa tangu 2004. Nchi hii haikuchelewa kupata mashine kubwa. Ilichokosa ni mfululizo wa watu wa kuirithi, vipuri, mishahara na sababu ya mwanafunzi kubaki maabara baada ya saa kumi. Anayeahidi Maniema mashine ya MRI bila kutaja jina la atakayeipiga chupa kila asubuhi, ahadi yake ni nusu.

Njia za kumpata mtu huyo zipo. Trieste, Italia, taasisi ya fizikia aliyoianzisha Abdus Salam mwaka 1964 ina shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na Kigali, jirani kabisa, ina tawi la Afrika Mashariki lililofunguliwa mwaka 2018. Udunna Anazodo, mwanafizikia mzaliwa wa Nigeria anayefundisha Montreal, anaongoza mtandao wa CAMERA unaowafunza Waafrika MRI na kuwaunganisha. Michoro ya mashine kama ile ya Mbarara imewekwa hadharani. Chuo Kikuu cha Kindu hakihitaji sumaku ya heliamu ili kuanza; pete moja ya sumaku, koili iliyozungushwa kwa mkono na chupa ya maji ya Lualaba vinatosha kumsikilizisha mwanafunzi protoni zake za kwanza.

Na mzazi wa Mikelenge mwenye mtoto anayefungua kila redio ya nyumbani, akaifunga tena na kubaki na skrubu mbili mkononi, asimchape. Amuulize zile mbili zilitoka wapi.